Aliyebisha Hodi Chumbani kwa Bibi

Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi, mkuu wa kituo aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, labda akidhani tatizo lilikuwa kwenye vioo.

"Sindano," alisema, "nieleze kama unavyomweleza mjinga. Nchi ambayo haipo imeibiwa kitu ambacho hakishikiki. Mwizi wake tukamkamate wapi, ndotoni?"

Inspekta hakucheka. Kituoni walimwita mwanamke huyo Sindano kwa wembamba wake, na kwa tabia yake ya kuuliza swali dogo ambalo maumivu yake huja baadaye.

"Nchi ni ya mchezo, afande. Sauti ni ya mtu wa kweli. Mwenyewe amefariki miezi miwili iliyopita na nakala nyingine hakuna. Imeshafutwa, na leo alasiri, saa tisa na dakika ishirini, zikitimia siku saba, hairudishiki tena."

"Wanataka nini kwetu?"

"Jina la mtu."

Mkuu alipumua, akagonga muhuri chini ya barua aliyokuwa ameandikiwa, akaitia saini. Barua ilikuwa kamili isipokuwa nafasi moja tupu katikati.

"Jina la kweli," alisema akimkabidhi. "Sitaki kuchekwa na watu wa ng'ambo."

Mlalamikaji alikuwa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na wenzake wa mtandaoni walimwita Katibu. Sindano alikuwa ameshamhoji Jumatatu alipokuja kushitaki, na siku nne zilizofuata zilikwisha kwa barua za kwenda na kurudi kwa wenye mchezo. Majibu yalikuwa yameingia asubuhi hiyo, yakiwa na sharti na ukurasa mmoja wa ushahidi.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa. Mtu hujitungia nchi, akaiwekea katiba, bunge, majirani na maadui, yote kwa maandishi, na maelfu ya watu duniani hufanya hivyo hivyo. Nchi nyingi humo zilikuwa za mashujaa wenye mapanga na ngome za mawe, au za watu wanaoishi kwenye nyota. Miaka sita iliyopita mwalimu na wenzake, Waafrika waliotawanyika huku na kule, walichoka kuwa wageni hata katika mambo ya kubuni. Wakaanzisha nchi yao, wakaiita Ukooni. Sheria yake ya kwanza haikuhusu kodi wala jeshi. Ilisema hakuna atakayeingia chumba chochote bila hodi.

Katika nchi hiyo kila raia alileta alichoweza kuokoa kwao: vitendawili, majina ya mababu, mashairi ya mavuno. Mwalimu alimleta bibi yake. Alimrekodi mara arobaini na moja kwa simu, katika lugha ya ukoo wao ambayo wajukuu huielewa kwa masikio tu, akaziweka zote katika chumba kilichoitwa Chumba cha Bibi. Halafu simu ikaanguka kwenye ndoo ya maji, naye hakujali sana, kwa sababu aliamini kilichoko mtandaoni hakipotei.

"Wamesema nini?" aliuliza, akiinuka.

"Kaa. Wanasema aliyefuta ametumia akaunti yako, na kwao hiyo ni sawa na wewe."

Mwalimu alifumba macho. Alilijua tatizo hilo. Katika mchezo ule, kuchoma kumbukumbu zako ili adui asiziteke ilikuwa mbinu halali ya vita, na waliochoma kisha wakalilia kurudishiwa walikuwa wengi mno. Ndiyo maana wenye mchezo waliweka sharti: hawarudishi kitu mpaka polisi wataje kwa jina mtu aliyeingia bila idhini, na mlalamikaji athibitishe kwa saini yake. Wakirudisha, hurudisha vyote.

"Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, ulikuwa wapi?"

"Shuleni, nasimamia mtihani. Wanafunzi mia na ishirini ni mashahidi, na wote wananichukia, kwa hiyo hawatanidanganyia."

"Simu yako mpya?"

"Ilikuwa kwa Jenerali. Kioo kilipasuka."

"Jenerali wa jeshi gani?"

"Fundi simu, afande. Jenerali ni wa kwenye mchezo." Alisita. "Tumekua pamoja. Ana nchi yake humo, Himaya ya Chuma. Wiki ile alitutangazia vita. Aliandika mbele ya watu wote kwamba atatufutia historia yetu mpaka tusahau majina ya mama zetu."

"Ukampa simu?"

"Ndiye fundi mzuri mtaani."

Sindano alimpa ule ukurasa wa ushahidi. Kila chumba katika mchezo kina daftari la mlangoni linalojiandika lenyewe, na la Chumba cha Bibi lilisema hivi:

*9:09 Hodi.*
*9:11 Hodi wenyewe.*
*9:14 Hodi humu ndani.*
*9:15 Naingia. Mniwie radhi.*
*9:20 Vyote vimefutwa.*

Chini yake: *Akaunti ya Katibu. Kifaa: kompyuta.*

"Kompyuta," alisema Sindano. "Si simu. Una kompyuta?"

"Iko nyumbani, sebuleni. Huwa siizimi, betri yake imekufa. Ikizimwa, kuiwasha mpaka iombewe dua."

"Na nyumbani yupo nani?"

"Mama peke yake. Lakini mama kompyuta anaifuta vumbi tu."

Sindano aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamwambia asitoke pale kituoni.

---

Kibanda cha fundi kilikuwa na upana wa mlango na nusu. Skrubu zilipangwa ndani ya vizibo vya soda, taa yenye kioo cha kukuzia ilining'inia juu ya meza, na ukutani kulikuwa na tangazo: HATUREKEBISHI SIMU YA MPENZI WAKO ILI USOME MESEJI. Jenerali alikuwa mtu mfupi mwenye kitambaa cha kufutia vioo begani, na jeshi lake lote siku hiyo lilikuwa bisibisi tatu.

Sindano aliweka karatasi yenye tangazo la vita mbele yake.

"Maneno haya ni yako?"

"Ni yangu, dada. Utani huo. Yule ni mtani wangu tangu darasa la pili. Yeye ameshanizika mara tatu humo mtandaoni, na hotuba kanisomea."

"Jumamosi alasiri, chumba cha bibi yake kimefutwa. Simu yake ilikuwa kwako."

"Ilikuwa kwangu, lakini ilikuwa maiti. Kioo kipya kilifika saa nane. Nikakifunga, nikafunga na kibanda, nikampelekea."

"Ukampelekea wapi?"

Jenerali aliona shimo akiwa ameshaingiza mguu mmoja. "Kwao."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kama kumi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna." Alichukua kitambaa begani, akafuta kioo ambacho kilikuwa safi. "Lakini sikuingia. Nilipiga hodi mpaka koo likakauka. Mama hakuitika."

"Labda hakuwepo."

"Alikuwepo. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Nikasikia kiti kinasogea sebuleni. Na barazani kulikuwa na kochi limevuliwa kitambaa, nyundo iko juu yake. Mama yule nyundo haiachi hivyo. Hata chai anakunywa ameishika. Nikaona labda hayuko vizuri, nikaondoka. Jioni mwenye simu akaifuata mwenyewe."

"Unajua umefanya nini sasa hivi? Umetishia kufuta, na chumba kimefutwa. Kompyuta iko sebuleni, na wewe umejiweka mlangoni, dakika ile ile, bila shahidi."

"Naona," alisema Jenerali, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi mwenyewe ningejikamata."

Sindano hakutoa pingu. Alivuta kigoda akakaa.

"Nionyeshe unavyoingia Ukooni. Chumba chochote."

Fundi alishangaa, lakini alifungua simu yake. Akaingia kwenye mchezo, akatafuta ukumbi wa wageni wa Ukooni, na mlangoni pakatokea kitufe cha kijani kilichoandikwa HODI. Alikibonyeza mara moja. Ukumbi ukafunguka papo hapo.

"Hukusubiri karibu," alisema Sindano.

"Nimsubiri nani? Hodi ile ni pambo, dada. Ukibonyeza umeshaingia. Na hata usipobonyeza, mlango hauna kitasa. Sisi wa Himaya hatubonyezi, tunapita tu, ndiyo sababu wanatuita washenzi."

"Raia wenyewe wa Ukooni huandika hodi kwa mkono?"

"Miaka sita sijaona. Kitufe kipo, aandike wa nini?"

Hapo Sindano alimwekea ukurasa wa daftari. Jenerali aliusoma kwa kidole, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Kwenye mstari wa nne kidole kilisimama.

"Huyu amebisha mara tatu," alisema. "Akasubiri. Dakika sita nzima. Halafu akaomba radhi." Aliinua macho. "Dada, huyu alidhani kuna watu ndani."

"Mimi pia nimeona hivyo."

Fundi aliirudia mistari yote mitano. Alikuwa mwepesi wa kufikiri, na Sindano alimtazama akifika pale ambapo yeye mwenyewe alifika asubuhi. Kisha Jenerali akafanya jambo ambalo Sindano hakulitarajia. Alikusanya bisibisi zake, akazifunga kwenye kitambaa, akanyoosha mikono juu ya meza.

"Andika ni mimi."

"Si wewe."

"Jina si jina? Wanataka jina, wape. Mimi na polisi tumezoeana, nimewatengenezea simu nusu ya kituo. Yule mama alinilisha miaka minne mama yangu alipokuwa mgonjwa. Niandike, sauti irudi, mambo yaishe."

Sindano aliguswa, na alikasirika kwa kuguswa. "Nikiandika uongo juu ya muhuri, barua inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Na mimi nitalala ndani pamoja nawe. Rudisha mikono yako."

Alipotoka ilikuwa saa saba na nusu.

---

Nyundo ilisikika kabla nyumba ya mwalimu haijaonekana. Barazani, mama mmoja mnene wa miaka sitini hivi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi, akivuta kitambaa kipya juu ya sponji kwa mkono mmoja na kupigilia kwa mwingine. Misumari midogo aliishika kwa midomo, akitoa mmoja mmoja bila kuutazama.

"Hodi," alisema Sindano.

"Karibu, mwanangu," mama aliitika kutoka pembeni mwa mdomo. "Kaa hapo kwenye stuli, hayo makochi yana wenyewe."

Sindano alionyesha kitambulisho chake. Mama alikiangalia, akapigilia msumari mwingine. Ulipinda. Akaung'oa kwa koleo, akapigilia mwingine, nao ukapinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nina swali moja tu. Jumamosi iliyopita Jenerali alikuja hapa na simu. Alibisha hodi hadi akachoka, nawe ulikuwa ndani. Mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuacha hodi mlangoni bila kuiitikia. Kwa nini hukuitika?"

Mama alitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka kwenye kopo. Ilikuwa saba. Kisha akakaa chini, akaegemea kochi.

"Na mimi nilikuwa nasubiri kuitikiwa," alisema.

Sindano alifungua daftari lake, lakini hakuandika.

"Umejuaje kuitumia?"

"Miaka sita mtoto anakaa pale anabonyeza, mimi niko hapa dirishani. Kupigilia kochi sikufundishwa na mtu, nilimtazama marehemu baba yake. Kompyuta ingenishinda?"

"Ulitaka kufuta nini?"

"Kimoja. Kuna wimbo mama yangu alikuwa nao. Ule aliuimba akimwosha maiti wa ukoo, mlango umefungwa, wanawake watatu au wanne tu. Haukuwa wa kusikika nje. Mwanangu alimbembeleza bibi yake akiwa kitandani, akamwimbia, kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kumkatalia mjukuu. Akaupeleka huko." Alielekeza kidole gumba sebuleni. "Sasa huko kwao akafa rais. Rais wa kuandika, mwanangu, hakuna aliyezaliwa wala aliyekufa. Nikamsikia mama yangu anamlilia. Na watu wanatuma vile vichwa vya njano vinavyocheka. Mama hakuwa na hata siku arobaini kaburini."

"Ulimwambia mwanao?"

"Mara mbili. Akaniambia bunge limepiga kura, wimbo umekuwa wa taifa, yeye peke yake hawezi kuutoa. Akaniambia, mama, hivi ndivyo wimbo usivyokufa." Alijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la sponji. "Kuna vitu vinatunzwa kwa kufungiwa mlango. Vikitolewa nje, hata vikipigiwa makofi, vimeshapotea."

"Lakini vimefutika vyote."

Mama alijibu kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Nilibonyeza ule mmoja. Ikaniuliza swali refu kwa lugha ya watu. Nikabonyeza ndiyo. Nikaona chumba cheupe. Jioni mwanangu aliporudi akapiga yowe, nikajua nimemwua mama yangu mara ya pili. Mtoto mwenye ndevu, analia kama aliyeachishwa ziwa, mimi nimekaa jikoni nakata vitunguu. Sikuweza kusema. Siku ya kwanza unashindwa kwa uchungu, ya pili unashindwa kwa aibu, ya tatu umekuwa mwongo."

Sindano alimweleza barua, nafasi tupu, na saa. Hakupunguza chochote: jina likiandikwa, jalada linafunguliwa, na kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa hata kama mtu huyo umemzaa. Na vikirudi, vinarudi vyote arobaini na moja, wimbo ule ukiwemo.

"Ni saa ngapi sasa?"

"Saa nane na dakika arobaini."

"Basi mpigie aje."

Mwalimu alifika kwa pikipiki dakika kumi na nane baadaye, shati limemtoka kwenye suruali. Alimwona mama yake amekaa sakafuni na inspekta kwenye stuli, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Hapana," alisema. "Afande, nafuta mashitaka."

"Ukifuta, barua haina mlalamikaji," alisema Sindano. "Ikifika saa tisa na ishirini, imekwisha."

"Imekwisha, basi. Iishe! Siwezi kumshitaki mama yangu kwa ajili ya mchezo."

"Sasa ni mchezo?" mama aliuliza.

Mwalimu alianza kuchomeka shati lake.

"Miezi yote ile nakwambia ni mchezo, unaniambia ni urithi wetu. Leo nimekubali ni urithi, wewe unaniambia ni mchezo. Njoo hapa." Alisubiri mpaka mwanawe akapiga magoti mbele yake. "Wewe ulimpoteza bibi. Una mama, una mke utakayemwoa, una wanafunzi wako. Mimi nimebaki bila mtu wa kunijua nilivyokuwa mtoto. Dada zangu walishatangulia. Sauti ile ndiyo pekee inayonijua. Nishitaki."

"Mama, siwezi."

"Nimekuomba nini tangu uzaliwe? Nishitaki, mwanangu. Afande, mpe kalamu."

Sindano aliweka fomu ya maelezo juu ya kiti cha kochi, kwenye mbao tupu. Ilikuwa saa tisa na dakika sita. Alisoma maswali kwa sauti ile ile anayoisomea wezi wa kuku, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ambayo ingemfikisha mwisho.

"Unamfahamu aliyeingia katika akaunti yako?"

"Ndiyo."

"Ulimpa idhini?"

Mwalimu alimtazama mama yake. Mama alitikisa kichwa polepole, akimfundisha jibu.

"Hapana."

"Una uhusiano gani naye?"

Kalamu ilisimama. Machozi yalidondoka kwenye fomu, na Sindano aliyakausha kwa mkono wa shati lake ili wino usisambae.

"Ni mama yangu," mwalimu alisema, akaandika, akatia saini.

Sindano alijaza nafasi tupu, akapiga picha barua na fomu, akazituma saa tisa na dakika kumi na tatu. Waliingia sebuleni. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa kilichobaki kwenye kochi la mtu. Mwalimu aliifunua, na wote watatu wakasimama mbele ya chumba cheupe. Saa tisa na kumi na saba. Na kumi na nane.

Saa tisa na kumi na tisa mistari ilianza kushuka kwenye skrini, mmoja mmoja, mpaka ikafika arobaini na moja.

Mwalimu aliutafuta wimbo wa kuoshea maiti. "Naufuta mimi mwenyewe sasa hivi," alisema. "Wakinifukuza Ukooni, wanifukuze." Alisoma swali refu mara mbili kabla ya kubonyeza. Ikabaki arobaini. Kisha akasogea, akamwachia mama yake kiti.

Mama alichagua bila kusoma, mstari wa juu kabisa. Ilisikika mikwaruzo ya simu ikisogezwa kitandani, kikohozi, na sauti ya bibi kizee isiyojua kwamba tayari inarekodiwa. Haikuwa ikiimba wala kusimulia. Ilimwita binti yake kwa jina la utotoni, kwa nguvu, kama anamwita kutoka uani amletee maji.

"Abee, mama," mama aliitika, akainuka.

Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni alipokumbuka. Akasimama hapo, mgongo kwao, mkono kwenye fremu ya mlango. Sindano alikuwa na jalada mkononi na gari la kituo lilikuwa njiani kuja kumchukua mama, lakini hakusema kitu mpaka rekodi ilipofika mwisho.